Kabati Lisilo na Uani

Mitaani Dar es Salaam televisheni za zamani zina jina lake: TV za chogo. Ukilitazama dude lile kwa ubavu, jina linajieleza. Mbele kioo, nyuma limetokeza kama kichwa cha mtoto ambaye bibi yake angesema huyu akili zake zote ziko kisogoni. Lilitaka meza pana na wanaume wawili wa kulibeba. Zilipoingia TV bapa tukafurahi kwamba chogo kimekwisha, tukazitundika ukutani kama picha za harusi. Mimi ilinichukua miaka, na usiku mmoja wa aibu mbele ya wageni, kujua kwamba chogo hakikwisha. Kilihama. Kiliteremka ukutani, kikaingia nyuma ya kabati, na huko kikaendelea kukua gizani.

Kabati nililiagiza mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Tulikuwa tumehamia nyumba mpya, sebule bado inanuka rangi, nami nina picha moja kichwani: mninga kutoka kona hadi kona, TV katikati, milango imefungwa, na waya hata mmoja usionekane. Neno hilo nilimrudia fundi mara tatu: usionekane. Alifanya kama alivyoambiwa. Alipima ukuta, akapima mashine, akapiga randa, akapiga msasa, akapaka vanishi, kisha akaja na vijana wake wakalisukuma likaingia baina ya kuta mbili kama jino kwenye ufizi. Mgongo aliufunga kwa plaiwudi na misumari. Wageni walisema mashallah kabla hawajakaa.

Dosari ya kwanza ilijitokeza jioni ileile, nami nikaidharau. Rimoti haikupita kwenye mlango. Mwanga wa rimoti ni mwanga kama mwingine, ila jicho la mtu haliuoni: mawimbi yake yana urefu wa nanomita 940 hivi, na jicho letu huishia karibu na 700. Ukitaka kuuona, ielekeze rimoti kwenye kamera ya simu na ubonyeze. Mara nyingi utaona kitone kikimetameta. Mwanga huo hupita kwenye kioo cheusi na kwenye kitambaa cha spika, lakini kwenye ubao wa mninga unagonga mwamba. Basi kila jioni milango ikawa inaachwa wazi. Kabati lililojengwa ili lifiche likawa, kuanzia magharibi hadi saa nne usiku, linaonyesha matumbo yake kwa kila aingiaye.

Dosari ya pili ilingoja usiku wa kuamkia Idd.

Nyumba ilikuwa imejaa. Watoto wa kaka mkubwa, mashemeji, shangazi yangu aliyetoka Ilala na kikapu cha vitumbua. Tumekaa tunangoja taarifa ya mwezi, sauti imepandishwa, na mtangazaji ndiyo kwanza anafungua kinywa, picha ikakatika. Kioo cheusi, na maandishi madogo kwamba hakuna kinachoingia. Nilibonyeza rimoti. Nilizima, nikawasha. Nilipiga magoti mbele ya kabati, nikaingiza mkono pembeni mwa ampli, ukaishia kwenye kiwiko. Vidole viligusa kamba za plastiki, vumbi, na kitu laini ambacho sikutaka kukijua. Hapakuwa na njia ya kufika nyuma. Ilibidi kabati lote litoke.

Tulilivuta wanaume wanne. Mguu wake mmoja ulipasua kigae. Wakati tunahema, tukasikia takbira kwa jirani. Mwezi umeandama, na sisi ndio nyumba pekee mtaani iliyopata habari kupitia ukutani. Nyuma kulikuwa na nyaya nyeusi zimesukana kama nywele zisizochanwa tangu Ramadhani iliyopita, ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni, na mjusi kafiri mmoja mkavu ameganda juu ya king'amuzi. Nilishika waya niliodhani ndio, nikauchomoa. Kaka yangu, aliyekuwa kibarazani anazungumza kwa video na mkewe aliye Muscat, akapiga kelele. Nilikuwa nimeizima ruta.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye kochi, anatutazama kwa utulivu wa mtu aliyelea watoto wengi. Akasema, "Baba, kabati lako zuri. Lakini umelijengea baraza tu. Uani wake uko wapi?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshika koleo na sijui pa kuanzia, na kwa sababu alikuwa amesema kweli kwa maneno ambayo mimi nisingeyapata.

*

Shangazi alikulia kwenye nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita: vitatu huku, vitatu kule, na ukumbi unapita katikati kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Mbele kuna baraza, mahali pa salamu, kahawa na bao. Nyuma kuna uani. Huko ndiko moto unakokokwa, nguo zinakoanikwa, mchele unakopetwa, sufuria zinakosuguliwa kwa mchanga, na siri za mtaa zinakopembuliwa pamoja na mchele. Mgeni wa heshima hupokelewa barazani. Lakini mwenyeji hajui kuishi bila uani. Nyumba ikikosa uani, kazi zake hazitoweki. Huhamia sebuleni, na mwenye nyumba hubaki anawaomba radhi watu.

Hilo ndilo kosa langu lililonijia nikiwa nimepiga magoti. Nilidhani nyaya ni aibu, na dawa ya aibu ni kuifunika. Nilipomwambia fundi "usionekane," sikusema usionekane na nani. Usionekane na mgeni, ni sawa. Lakini asiuone hata fundi? Nisiuone hata mimi, siku utakapokatika? Kuficha ni kazi nusu. Nusu ya pili ni kumwachia njia yule atakayekuja kufichua.

Sisi watu wa pwani tuna mazoea ya zamani ya ukuta wa fahari. Ukienda Lamu, kwenye nyumba za mawe za karne ya 18, utakuta ukuta wa chumba cha ndani umetobolewa zidaka safu juu ya safu, zimerembwa kwa lipu, na zamani humo zilipangwa sahani na mabakuli ya kauri kutoka China. Ukuta wenyewe ulikuwa kabati. Nadhani tamaa yangu ya ukuta wa mninga ina nasaba na zidaka zile. Ila kuna tofauti moja ambayo sikuitia maanani: bakuli la kauri halina mkia. Ukiliweka kwenye kidaka limekaa, halidai kitu ila kupanguswa vumbi. Vitu tunavyovipamba leo vina mikia, na kila mkia unaelekea mahali.

*

Baada ya Idd nilikaa na karatasi nikaihesabu mikia hiyo. Mashine zangu ni sita: TV, king'amuzi, ampli, deki ya DVD ambayo mke wangu hataki itupwe, ruta na sabufa. Kisha spika tano. Nyaya za umeme, sita. Za HDMI, tatu: king'amuzi kwenda ampli, deki kwenda ampli, ampli kwenda TV. Za spika, tano. Wa sabufa, mmoja. Wa dishi, mmoja. Wa antena, mmoja. Wa intaneti unaotoka nje, na mwingine kutoka ruta hadi kwenye TV. Jumla, 19. Ajabu ni kwamba plagi ya HDMI, ukiitazama mdomoni kwa miwani, nayo ina pini 19. Ndani ya waya mmoja mna kabati zima.

Na yote hayo kwa mashine sita tu. Nikaelewa kwamba anayepanga kabati la namna hii hapangi mbao. Anapanga safari 19, na mbao huja baadaye kuzifunika.

Karatasi ile niliipeleka Keko, kwa mzee mmoja ambaye kibanda chake kiko nyuma ya safu ya vitanda na makochi yanayong'aa barabarani. Nilimkuta anatoboa bawaba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu, jihadhari na misumari."

Nikamtolea karatasi yangu kwa fahari. Aliitazama, akaikunja, akanirudishia.

"Hizi ni hesabu nzuri. Sasa niletee mashine zenyewe. Na uzilete zimechomekwa."

"Zimechomekwa kwenye nini, mzee?"

"Zichomekwe nyaya zake. Nataka kuona zinavyokaa zikiwa kazini. Mtu hashonewi kanzu akiwa amelala."

Nilirudi Jumamosi na bajaji imejaa. Akaziweka juu ya plaiwudi, akachukua futikamba, na kosa la kabati la kwanza likajitokeza kabla hajasema neno. Ampli ina kina cha sentimita 36. Kabati la kwanza lilikuwa na kina cha 40, na mimi niliona tumeacha nafasi ya kutosha. Lakini plagi ya HDMI hutokeza sentimita 4 au 5 kabla waya haujaanza kupinda, na waya ule mnene haukunjiki kama kamba ya kiatu. Unataka upinde wake, taratibu, kama barabara ya mlimani. Kwa miaka miwili waya wangu ulikuwa umebanwa baina ya ampli na plaiwudi, shingo imevunjwa kiasi, ikivunjika zaidi kila tulipoisukuma ampli ndani. Usiku wa mwezi ndio ulichoka. Tulipima mashine, hatukupima mkia.

Mzee alichora mstari kwenye sentimita 50. "Hizi kumi na kitu za nyuma," akasema, "si za mashine. Ni za mkono wako."

*

Nimewahi kusikia watu wakisema fundi mzuri huonekana kwenye kona za mbao. Inawezekana. Mimi sasa fundi namtambua kwa maswali anayouliza kuhusu siku ambayo yeye hatakuwepo. Mzee wa Keko aliuliza sana. Nani anapiga deki nyumbani? Nikacheka, maana deki niliyoifikiria ni ya DVD. Yeye alikuwa na maana ya ndoo na tambara. Maji ya kudeki hupita chini ya kabati, na ekstensheni nyingi za nchi hii zimelala sakafuni zinayangoja. Basi ekstensheni yangu mpya haikai chini. Imefungwa kwa skrubu kwenye ubao wa pembeni, juu ya goti, na kila plagi inafikika bila kuinama. Ni moja, haikuchomekwa kwenye nyingine. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampia 13, na kwa umeme wa volti 230 hiyo ni karibu wati 3,000. Mashine za sebuleni hazifiki huko hata zikiwashwa zote. Hatari ni ile nafasi moja iliyobaki tupu, ambayo siku moja mtu mwenye haraka ya harusi atakuja kuichomeka pasi.

Aliuliza pia kama mashine zinapata moto. Nikamwambia ziguse. Ampli ikifanya kazi saa mbili huwa na joto la mtu mwenye homa, na kabati la kwanza lilikuwa limeifunga kama mgonjwa chini ya mablanketi. Ndani ya mashine hizi mna kapasita, vikopo vidogo vyenye majimaji ndani, na mafundi wa redio wana kanuni yao: kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, umri wa kikopo hupungua kwa nusu. Jijini kwetu hewa yenyewe mchana hufika nyuzi karibu 30. Hatuna anasa ya kuongeza.

Dawa yake si feni, au si feni kwanza. Dawa ni ile ambayo aliyejenga kibanda cha makuti anaijua: hewa ya moto hupanda, basi ipe pa kutokea juu na uipe mwenzake pa kuingilia chini. Mzee alitoboa safu ya matundu kwenye sakafu ya kabati na safu nyingine juu kabisa, upande wa nyuma. Rafu hazikufika hadi mgongoni. Ziliishia kabla, ili hewa iwe na ngazi ya kupandia. Ampli tukaipa rafu ya juu, peke yake, na nafasi ya wazi kichwani pake, ili joto lake lisimpike mwenzake.

Lakini tundu linalopitisha hewa hupitisha na wageni wengine. Mjusi kafiri niliyemkuta nyuma ya king'amuzi hakuja kutalii. Mashine zina joto, na joto gizani ndiyo hoteli ya mende, sisimizi na mijusi. Mjusi akikanyaga mahali pawili kwa wakati mmoja kwenye sakiti, anakufa yeye na anakufa king'amuzi. Kwa hiyo kila safu ya matundu ina wavu wa mbu kwa ndani, na wavu huo unataka kupigwa brashi, maana vumbi likiuziba umerudi kwenye mablanketi. Hakuna tundu la bure. Kila unachokifungua unajitwisha kukichunga.

Kuhusu milango na rimoti, jibu lilikuwa kibandani tayari. Kulikuwa na kiti cha zamani, cha kusukwa, kimeletwa kubadilishwa ukindu. Mzee alikiinua dhidi ya jua, nikaona mwanga unachuruzika kwenye matundu. Katikati ya kila mlango akaacha dirisha, akaliwamba kwa msuko ule, wazi kidogo, na nyuma yake kitambaa cheusi cha spika. Rimoti inapita. Hewa inapita. Jicho la mgeni linaona ufundi wa mikono, halioni king'amuzi.

*

Sehemu ya ukutani haikuwa ya seremala. Ilikuwa ya kijana wa umeme, na hapo niligundua kwamba mafundi wawili wanaweza kufanya kazi nyumba moja wasikutane hata siku moja, na pengo lililo baina yao ndilo mwenye nyumba atakayeliishi. Seremala hujua kina cha kabati. Wa umeme hujua urefu wa bomba. Hakuna anayejua kwamba kichwa cha HDMI hakipiti kwenye bomba.

Hakipiti kweli. Bomba la kawaida la kupitishia nyaya za nyumba lina kipenyo cha milimita 20 kwa nje, na kichwa cha waya wa HDMI, pamoja na plastiki yake, kina upana wa karibu hivyohivyo. Ukishalifukia bomba hilo kwenye lipu, una njia isiyopitisha msafiri. Tukachimba upya, tukaweka la inchi 2, kutoka nyuma ya kabati hadi nyuma ya TV. Mahali pa kupinda hatukuweka kona kali; tukaweka mbili za nusu, maana waya ukifika kwenye kona kali hukaidi kama mbuzi mlangoni. Umeme wa TV haukupita humo. Waya wa plagi si wa kufukiwa ukutani. TV ilichongewa soketi yake yenyewe, kwa bomba lake. Na pale nyaya za umeme zinapolazimika kukutana na za sauti, hukatana kama njia panda, zikapeana salamu na kuachana. Zikitembea bega kwa bega masafa marefu, umeme humnong'oneza mwenzake, na wewe utausikia kwenye spika: mvumo mzito usiokoma, mitikisiko 50 kwa sekunde, kama nyuki aliyefungiwa kwenye mtungi.

Mimi nilidhani kazi imekwisha. Kijana akachukua uzi wa nailoni, akaupitisha kwenye bomba pamoja na nyaya, akafunga fundo huku na fundo kule, akauacha.

"Huu wa nini?"

"Wa kesho, bosi."

Sikumwelewa hadi nilipokumbuka historia ya nyumba ya wazazi wangu. Zanzibar ilianza kutazama televisheni mwaka 1973, na ilianza na ya rangi. Sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994. Baba alinunua TV ya chogo, akachongesha meza yenye tundu moja nyuma, la waya wa umeme na wa antena. Meza ilitosha kwa muda mrefu, mpaka Dar es Salaam ilipozimiwa mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012. Siku ya pili kila nyumba iliyotaka picha ilihitaji kisanduku kipya kiitwacho king'amuzi, na kisanduku hakikuwa na mahali. Baba alikiweka juu ya chogo, juu ya kitambaa cha kufuma, na nyaya zake zikaning'inia mbele ya kioo kama ndevu. Fundi aliyechonga meza ile hakukosea chochote alichokijua. Alikosea tu kudhani kwamba anachokijua ndicho kitakachokuwepo.

Kwa hiyo kabati jipya lina rafu moja tupu. Wageni huuliza nitaweka nini hapo. Nasema sijui, na nikiwa mkweli hiyo ndiyo rafu niliyoilipia kwa moyo mweupe kuliko zote. Kila waya nao una ziada ya mita moja, imeviringwa na kufungwa kwa utepe wa kunata kama wa viatu vya watoto, si kwa vile vibanio vya plastiki ambavyo kuvifungua ni kuvikata. Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa na maana ya nafaka, lakini waya haukubishana nao.

Ziada hiyo ndiyo inayoufanya uani uwe uani. Kabati sasa ni vipande vitatu, na cha katikati kina magurudumu manne chini, mawili yana breki. Ukitaka kufika nyuma, huiti wanaume wanne. Unainua breki kwa dole gumba la mguu, unavuta, na kabati linakujia pamoja na nyaya zake zote zikiwa zimechomekwa, linageuka, linakupa kisogo. Mgongo wa plaiwudi umeshikwa kwa skrubu nne za kufungua kwa vidole. Ndani ya mlango kuna karatasi: mchoro wa nani anakwenda wapi. Na kila waya, ncha zote mbili, una kipande cha utepe kilichoandikwa kwa kalamu ya wino. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nami nilichukua zile 19 zote nikazifunga kamba, ziwe ngeni hadi zitakapozoeleka. Mwandiko ni wa binti yangu, wakati huo yuko kidato cha pili, kwa kuwa wangu hausomeki hata nami.

*

Mwaka uliofuata nilikuwa Dodoma kikazi, usiku, simu ikaita. Binti. Nikasikia nyuma yake sauti za wadogo zake wakilalamika, nikajua TV imegoma, nikaanza kumpa maelekezo: piga magoti, ingiza mkono, tafuta waya mnene—

"Baba, nimeshavuta kabati."

"Umevuta na nani?"

"Peke yangu. Ni ule wa king'amuzi kwenda ampli, umelegea. Nimeuchomeka. Nilikuwa nakupigia kukuuliza kama wavu wa chini niupige brashi, una vumbi sana."

Nilikaa kitandani hotelini na simu mkononi. Kwa miaka nilikuwa mtu pekee nyumbani aliyejua nyaya zile, na ukweli ni kwamba sikuzijua. Nilikuwa tu mtu pekee aliyeruhusiwa kutozijua. Kutofikika kwa kabati kulikuwa cheo changu. Wote walingoja nirudi, na nikirudi wananipisha. Nyuma ya kitu kilichofungwa daima kuna mtu anayefaidika na kufuli, hata kama ni kwa kuonekana tu anahangaika. Uani wa nyumba ya Kiswahili hauna mlinzi. Anayeingia kuchota maji anaona sufuria zilipo, na kesho yake anaweza kupika.

Siku hizi jioni milango inafungwa. Taa ndogo za mashine zinaonekana kwa mbali nyuma ya ukindu, kama taa za ngalawa. Shangazi alipokuja Idd iliyofuata hakulisifu kabati. Alisimama pembeni, akalivuta kidogo kwa mkono mmoja, akachungulia nyuma kama mtu anayechungulia uani kwa jirani kuona kama kuna mtu, akalirudisha. Kisha akaenda zake jikoni.

Ule uzi wa nailoni bado umo ndani ya bomba, fundo huku, fundo kule. Haujavuta kitu.